Uponyaji wa Kanuni ya Kumi na Nne

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Idara ya Misimbo ya Maradhi Adimu iliutangazia umma kwamba imeponya ugonjwa wa kurithi. Haikusema imepunguza makali, wala imepata matumaini. Imeponya. Ugonjwa umekwisha na jalada limefungwa.

Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi mwenyewe, amesimama mbele ya bango lililoandikwa USHINDI WA TAKWIMU. Alieleza kwamba wataalamu wa dunia nzima wamechosha macho yao kwenye darubini miaka na miaka wakiutafuta uponyaji huo, wasijue kwamba uko kwenye fomu. Wagonjwa wote waliokuwa kwenye rejista wamepona, alisema, sawa na asilimia mia moja. Makofi yakapigwa. Hakuna aliyeuliza hao wagonjwa wote walikuwa wangapi, na ni heri hakuuliza, maana alikuwa mmoja, mtoto wa kike wa miaka tisa, na saa ile ile alikuwa darasani anajifunza kugawanya.

Nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango, alikaa Mama Nukta, naye akipiga makofi. Ndiye aliyeufunga ugonjwa wenyewe.

Jina hilo alilipata kazini. Miaka ishirini na miwili alikuwa mtia misimbo, yaani mtu anayesoma alichoandika daktari kisha akaupa ugonjwa namba yake. Bila namba, ugonjwa haujulikani. Usipojulikana, kompyuta ya stoo ya dawa haitoi kitu, hata ukilia machozi ya damu. Aliwahi kumrudishia daktari bingwa jalada mara nne kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana kati ya saba na nne. Mara ya nne bingwa alikuja mwenyewe na kalamu, akaiweka nukta kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Mama Nukta akamshukuru kwa ushirikiano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba mambo yakiandikwa sawasawa, yatakwenda sawasawa, na imani hiyo imewapoteza watu wengi wazuri.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mtoto yule alizaliwa na kasoro ya kurithi, mwili wake haujui kutengeneza kingamwili, wale askari wanaopigana na vijidudu. Mafua yanayokupitia wewe kwa siku tatu, yeye yangemlaza mwezi. Dawa yake ni askari wa kuazima: kila baada ya wiki nne analazwa kitandani kutwa, anatiwa dripu iliyotengenezwa kutokana na damu za watu wengine, kisha anarudi nyumbani na jeshi la wiki nne. Akitiwa dripu anacheza, anasoma, anabishana. Kwa kubishana ndiko watu wa wodini walikompa jina la Mwanasheria. Asipotiwa, mengine daktari hapendi kuyasema mbele yake.

Mwaka ule alitiwa dripu zote kumi na tatu bila kukosa hata moja, na kwa hiyo hakuugua. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kanuni ya kumi na nne ya Idara inasema: ugonjwa ambao haukuleta tukio lolote kwa miezi kumi na miwili mfululizo utahesabiwa kuwa umepona na jalada litafungwa. Ni kanuni nzuri sana kwa mtu aliyevunjika mguu. Mama Nukta alipofika kwenye jalada la Mwanasheria, alikuta kisanduku kinachouliza: *Je, mgonjwa aliugua mwaka huu?* Daktari alikuwa ameandika, kwa furaha ya haki kabisa: *Hapana.* Mama Nukta akaandika herufi inayotakiwa, akagonga muhuri, akashika jalada linalofuata. Mkurugenzi alipoona kwenye ripoti kwamba rejista ya maradhi ya kurithi imebaki tupu, hakuuliza imekuwaje. Wagonjwa wengine kumi na mmoja waliokuwemo zamani walishahamishiwa dirisha la pili, ambalo ni la vifo, na Idara haihusiki nalo. Mkurugenzi akaagiza bango.

Jumatano, mama wa Mwanasheria alifika dirishani kwa Mama Nukta na mwanawe. Alikuwa fundi cherehani, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni na nyuzi zimemganda kwenye mkono wa blauzi.

"Habari za kazi, dada. Nimekuja kuchukua karatasi ya dripu. Zamu yetu kesho."

"Nzuri. Na hongera."

"Hongera ya nini tena?"

"Mwanao amepona."

Fundi akageuka kumtazama mwanawe juu mpaka chini, kama anayekagua nguo aliyoshona mwingine. "Amepona lini? Ninalala naye kitanda kimoja, hajaniambia."

"Tarehe thelathini mwezi uliopita. Saa tisa alasiri."

"Nani kamponya?"

"Kanuni ya kumi na nne," alijibu Mama Nukta, akamsomea. Alisoma vizuri, bila kuruka neno.

"Sasa dada, si hakuugua kwa sababu anatiwa dripu?"

"Inawezekana. Lakini hilo halimo kwenye kisanduku."

"Liingize."

"Kisanduku kinauliza kama aliugua. Hakiulizi kwa nini hakuugua."

Mwanasheria, aliyekuwa kimya akisoma matangazo ya ukutani, akasogea akainua kidevu mpaka kwenye ukingo wa dirisha. "Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Nikiacha dripu, nitaugua?"

"Ukiugua utaleta ushahidi, tutafungua jalada upya. Usiwe na wasiwasi."

"Ushahidi gani?"

Mama Nukta akafungua kitabu. "Matukio matatu ya maambukizi makubwa ndani ya mwaka mmoja. Mawili kati ya hayo yawe ya kulazwa. Moja liwe la mapafu."

Mtoto akahesabu kwa vidole. "Na nikifa kwenye la pili?"

Mama Nukta, kwa kuwa alikuwa mwaminifu, hakulikwepa swali. Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine, akapitisha kidole mstari kwa mstari. "Hapo," alisema, "utakuwa umepungukiwa na tukio moja."

Akalisikia neno lake mwenyewe likitoka. Fundi hakupandisha sauti. "Dada, una watoto?"

"Wawili."

"Wao wanaishi kwa kanuni ya ngapi?"

Wakaondoka. Mama Nukta aliendelea na kazi, lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, aliupa ugonjwa wa chango la tumbo namba ya jino.

Kesho yake alipanda ghorofa ya tatu kwa Mkurugenzi kuomba ugonjwa urudishwe. Mkurugenzi alikuwa kwenye kiti chake cha kuzunguka, anajaribu tai mbili mbele ya kioo, maana televisheni ilikuwa inakuja.

"Turudishe ugonjwa?" alisema, kwa upole wa mtu anayezungumza na aliyegongwa kichwa. "Mama Nukta, tumeutokomeza Jumatatu. Leo Alhamisi. Umma utatuelewaje?"

"Bosi, mtoto hajapona. Ni dawa tu inayomshikilia."

"Una maandishi?"

"Maandishi yanasema amepona."

"Nani aliyeyaandika?"

"Mimi."

"Basi usijidharau," alisema Mkurugenzi, akachagua tai nyekundu.

Mchana wake ikaundwa Kamati ya Kulinda Uponyaji, yenye wajumbe saba na katibu. Kikao cha kwanza kiliamua kwamba mtu aliyepona kitakwimu hatakiwi kuonyesha dalili bila idhini ya maandishi. Kikao cha pili kilijadili itakuwaje akikohoa. Baada ya mvutano mkali ikapitishwa kwamba kikohozi chake kiandikwe *kikohozi cha kupita*, kwa maana kimepita tu kwake kikielekea kwingine. Kikao cha tatu kilitengeneza Hati ya Uponyaji yenye nembo na utepe, ikafunikwa kwa plastiki, ikapelekwa na dereva mpaka kwenye kibanda cha fundi. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, dereva alipogeuka akaikunja mara nne akaiingiza chini ya mguu wa cherehani uliokuwa mfupi. Cherehani ikatulia.

Zikapita wiki tano, zikapita sita. Jeshi la kuazima liliondoka askari mmoja mmoja. Kikohozi cha kupita kilipofika kwa Mwanasheria kikaona pazuri, kikakaa. Wiki ya saba simu ya Mama Nukta iliita, alikuwa daktari wa wodi.

"Mtoto amelazwa. Nimonia, pande zote mbili. Nipe namba nimtie dripu."

"Nimejaribu mara sita tangu asubuhi, daktari. Kompyuta inakataa. Inasema mgonjwa amepona."

"Basi iambie kompyuta ije imsikilize kifua."

"Unampa nini sasa hivi?"

"Antibiotiki. Lakini hiyo ni kufukuza wezi kwenye nyumba isiyo na mlango. Leo wametoka, kesho watarudi wengine. Bila dripu siahidi kitu, Mama Nukta, na wewe unajua mimi si mtu wa kutia chumvi."

Alikuwa ni yule bingwa wa nukta.

Mama Nukta alichukua mkoba akaenda hospitali kwa miguu. Hakuwahi kufika wodini hata siku moja; magonjwa yote aliyoyafahamu yalimjia kwenye karatasi. Akamkuta Mwanasheria amelala nusu ya kukaa, mbavu zinaingia na kutoka, bomba la hewa puani. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana dirishani. Fundi alikuwa ubavuni anampangusa shingo kwa kitambaa chenye maji, wala hakumfukuza mgeni, wala hakumkaribisha. Mama Nukta alisimama upande wa miguuni mwa kitanda kwa aibu. Alitaka kusema samahani akaona neno lenyewe ni dogo mno. Akageuka akarudi kazini karibu anakimbia.

Alipofika alifunga dirisha, kitu ambacho hakijawahi kutokea, akatoa kwenye kabati la chini vitabu vyote vya Idara. Wengine wakitafuta huruma huenda kwa wazee, huenda kwenye ibada. Mama Nukta alikwenda kwenye kanuni, maana huko ndiko alikokuwa anajulikana. Alisoma tangu ya kwanza. Baada ya saa mbili alikuta waraka ulioianzisha Idara, na kwenye waraka ibara moja ambayo hakuna mtu aliyeisoma tangu siku iliyopigwa chapa: *Idara hii itakuwepo kwa muda wote ambao maradhi adimu ya kurithi yatakuwepo kwenye rejista. Likifungwa jalada la mwisho, Wizara itaarifiwa kwa Fomu ya Tisa ndani ya siku sitini.*

Fomu ya Tisa ilikuwa safi kama mtoto mchanga. Haikuwahi kujazwa kwa sababu Idara haikuwahi kumaliza jambo lolote. Mama Nukta alihesabu siku kwenye kalenda. Tangu jalada lifungwe zilikuwa zimepita hamsini na nane.

Akaijaza. Hakuongeza neno, hakupunguza. *Wagonjwa waliobaki: hakuna. Ugonjwa uliobaki: hakuna. Kazi iliyobaki:* hapo alisita kidogo, akaandika *hakuna*. Kichwa cha fomu kilisomeka TAARIFA YA MAFANIKIO, basi akaiweka juu kabisa ya rundo la karatasi za kusainiwa. Mkurugenzi, ambaye husaini kama mtu anayefukuza nzi, alisoma neno MAFANIKIO, akatabasamu, akatia saini kwa wino wa kijani.

Wizara, ambayo ilikuwa na barua za Idara za miaka mitatu zisizojibiwa, fomu hii iliijibu kwa siku moja. Iliipongeza Idara kwa ushindi usio na mfano. Ikaendelea kusema kwamba, kwa kuwa ugonjwa haupo, Idara nayo haipo tangu Ijumaa saa sita mchana. Mkurugenzi arejeshe gari, ofisi na kiti. Endapo kuna pingamizi, liambatanishwe na mgonjwa mmoja, mwenye jalada lililo wazi na ridhaa ya mzazi. Mwishoni mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: *awe hai*.

"Nani amesaini kitu hiki?" Mkurugenzi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepanda juu kidogo.

"Wewe, bosi."

"Mrudishe yule mtoto kwenye rejista. Sasa hivi."

"Kanuni inataka matukio matatu. Analo moja."

"Mengine yatakuja lini?"

"Daktari anasema la tatu halitafika."

Mkurugenzi akakaa. Alikuwa amekalia kuti kavu, na alikuwa anaisikia milio yake. "Basi ifute hiyo kanuni."

"Kanuni hufutwa kwa barua ya Mkurugenzi mwenyewe, kwa mwandiko wake, akieleza kosa."

"Kosa la nani?"

"Kisanduku kinataka jina," alisema Mama Nukta. Akamwekea kalamu mezani.

Mkurugenzi aliandika la Mama Nukta. Mama Nukta akamwonyesha maelezo ya chini: asitajwe mtu wa cheo cha chini kuliko aliyetangaza. Akaandika la Kamati. Kamati haina jina la ukoo. Ilipofika karatasi ya tatu aliandika lake, kwa herufi ndogo kuliko zote alizowahi kuandika.

Namba ilifunguka Alhamisi saa tano. Saa tano na robo Mkurugenzi alikuwa stoo ya dawa, na kwa kuwa mtunza stoo alikuwa na mengi ya kufanya, alilibeba sanduku la dripu mwenyewe, amelikumbatia kifuani, ngazi baada ya ngazi, tai imemrukia begani. Njiani aliwauliza wauguzi wawili kama mtoto anapumua. Katika maisha yake yote ya utumishi hakuwahi kumtakia afya mgonjwa hata mmoja, na sasa alikuwa anaiombea kwa sauti.

Daktari akatundika dripu. Mkurugenzi akamfuata fundi na karatasi ya ridhaa.

"Mama, pole sana. Naomba utie saini hapa, kwamba mwanao ni mgonjwa."

"Mwanangu amepona," alisema fundi bila kuondoa macho kwa mtoto. "Mmeniletea hati mpaka kibandani. Nzuri tu, ina utepe."

"Kulikuwa na makosa, mama."

"Yalikuwa ya nani?"

"Ya Idara."

"Hiyo Idara nilikuja kuitafuta wiki zote hizi sikuiona. Ilikuwa imevaa nini?"

Mkurugenzi akameza mate. Aliangalia saa ya ukutani, akaangalia dripu. "Nilikosea mimi."

Fundi akaipokea karatasi. Kwenye kitanda, Mwanasheria akafungua jicho moja. Sauti yake ilikuwa imepwaya, lakini maneno yalikuwa yale yale. "Mama, usisaini kwanza. Anatakiwa kuandika kwa nini siugui."

"Nitaandika, binti. Nitaandika leo leo."

"Si leo. Kila dripu. Na aje aone mwenyewe ndiyo aandike."

Fundi akamwangalia Mkurugenzi kwa namna ambayo wateja wake waliifahamu, ile ya mtu ambaye bei yake haishuki. Akadai sharti hilo liandikwe kwenye ridhaa, pamoja na lingine, kwamba jalada hili halifungwi milele. Mkurugenzi akaandika yote mawili. Fundi akasoma mara mbili, akatia saini. Karatasi ilifika Wizarani Ijumaa saa sita kasoro dakika nane.

Wizara, ambayo husoma kila neno pale tu inapoumiza, ikalishika sharti kama lilivyo. Idara ikaongezewa uhai wa wiki nne. Wiki nne zikiisha itaongezewa nyingine nne, mradi Mkurugenzi mwenyewe alete karatasi inayoonyesha kwamba ameshuhudia dripu ikiingia mwanzo mpaka mwisho, imesainiwa na mgonjwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba, mwezi uliofuata, Mama Nukta alifika wodini na rejista kwapani na kumkuta Mwanasheria amekaa kitandani, amenenepa mashavu, anamfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili kugawanya. Fundi alikuwa kwenye benchi la ubavuni anapindua upindo wa sketi. Alipomwona Mama Nukta alitazama sindano yake kidogo, kisha akasogea, akapangusa nafasi kwa kiganja.

"Kaa hapa, dada."

Mama Nukta alikaa. Akainamia rejista, akajifanya anatafuta kalamu.

Mkurugenzi alikuwa amesimama upande wa miguuni mwa kitanda na karatasi yake mkononi. Tone lilidondoka. Likadondoka jingine. Baada ya nusu saa alimwendea muuguzi na kumuuliza kwa sauti ya chini kama hakuna namna ya kuiharakisha. Muuguzi akasema ikiharakishwa itamdhuru mtoto, inakwenda kwa muda wa saa tano, haijawahi kwenda pungufu.

Mkurugenzi akarudi mahali pake. Akalegeza tai. Alimtazama mtoto, na safari hii hakumuuliza anaendeleaje.

"Binti, hii kitu inaisha lini?"

"Haiishi," alisema Mwanasheria. "Mimi nipo hapa maisha yangu yote. Wewe mpaka ustaafu."

Mkurugenzi alihamishia uzito mguu wa kulia, akauhamishia wa kushoto. Mwishowe aliomba kiti. Muuguzi alikuwa anapita na trei. Akamjibu, bila kusimama, kwamba viti vya wodi ni vya wagonjwa na jamaa zao. Maofisa waandike barua.